Wakala, dalali au benki: anayekuuzia bima yuko upande wa nani?

Mtoa mada: Wakuu, hapa Dodoma, mji wenye makao makuu ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, bima huitafuti, inakutafuta. Kuna kibanda cha wakala, kuna kijana wa mauzo mwenye fulana ya kampuni, kuna dawati la benki. Wote tunawaita mawakala, na ndipo tunapoumia. Wakala ni mtu wa kampuni ya bima. Kijana wa mauzo ni mwajiriwa wa kampuni hiyo kabisa. Dalali ndiye anayepaswa kusimama na mteja, azunguke kampuni kadhaa akitafuta masharti yenye nafuu. Hoja yangu: kila muuzaji alazimishwe kutamka yuko upande wa nani kabla hajagusa hela.

Wakala Sabasaba: Mkuu, unatuonea. Bodaboda anafika kwangu trafiki keshamkamata, anataka bima ndogo, ile ya kuwalipa wengine ukiwagonga, na stika, basi. Nimsomee hotuba? Huyo dalali wako hana muda na pikipiki moja, anawinda kampuni yenye malori. Kijana akimgonga mtu saa tano usiku anampigia nani? Mimi.

Mtoa mada: Kukupokelea simu ni wema wako, sikatai. Madai yakikwama utabishana na kampuni inayokulipa?

Fuso la Kibaigwa: Mnabishana na vidogo, njooni benki. Nilikopa ninunue Fuso la kubebea mahindi. Bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe, ikakatwa humohumo kwenye mkopo, aliyeniuzia ni afisa mikopo. Kampuni sikuchagua, hati ya bima nimeipata baada ya kuidai, na humo mlipwaji wa kwanza ni benki. Gari likiteketea wanajilipa deni lao, mimi nabaki na salio, kama lipo. Mkopeshaji kulinda hela yake ni haki yake, ila asijiite mshauri wangu.

Wakala Sabasaba: Hapo tuko pamoja. Ila mtoa mada, dalali naye anakula kamisheni ya kampuni hiyohiyo. Kama ni kutamka, atamke na hiyo.

Mtoa mada: Nakubali, iingie, na kiasi chake kiandikwe kwenye risiti. Na wewe uandike yako.

Wakala Sabasaba: Nikiandika yangu, mteja ataanza kudai nimkatie humohumo.

Fuso la Kibaigwa: Si tayari tunadai? Mimi kwa sasa naingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA kabla sijaondoka dirishani. Stika isiposoma, hela inarudi mfukoni, awe wakala, awe dalali.