Vikombe vinne vya unga wa mama ni gramu ngapi?

Binti wa Columbus:
Shikamooni wakubwa, wenzangu salama? Mahamri yamenishinda tena. Mamangu kanitumia sauti kutoka Mombasa: unga vikombe vinne, tui la nazi moja, hamira kijiko cha chai, sukari "kiasi", iliki. Nikapima kwa vikombe vya plastiki vya kupimia vya huku, nikamimina kopo zima la tui. Donge halikandiki, linanata hadi kwenye viwiko! Nani ana vipimo vya gramu?

Shangazi wa Leicester:
Marahaba mwanangu. Kikombe cha huko Marekani ni kama mililita 237. Ukikijaza unga kwa kijiko bila kushindilia, unapata gramu 120 hadi 125, kwa hiyo vinne ni nusu kilo tu. Kopo la tui ni mililita 400. Hapo ulikuwa unapika chapati za maji.

Mamako anatumia kikombe gani? Mwambie akijaze maji, ayamimine kwenye chupa tupu ya nusu lita, mwone yamefika wapi. Kisha apeleke kikombe kimoja cha unga dukani kwa mwenye mizani. Ajaze kama anavyojaza siku zote, asijitie ustaarabu. Sisi wazee tunazamisha kikombe mfukoni, tunagonga kidogo, kinatoka cha tele. Nyinyi mnapima mfuto.

Kaka wa Melbourne:
Na muulize kwanza kipimo ni cha nchi gani. Huku kikombe ni mililita 250 na kijiko kikubwa ni mililita 20, wakati kwingi ni 15. Achari yangu ya ndimu niliitia vijiko vya huku kwa maelezo ya Uingereza. Hata mgeni mwenye adabu aliikataa.

Mwana wa Toronto:
Mimi aunsi ndizo zilizonipoteza. Nilisoma kikombe ni aunsi 8, nikaweka unga aunsi 8 kwenye mizani, gramu 227, karibu mara mbili ya uliotakiwa. Kumbe zile ni aunsi za ujazo. Kikombe hicho hicho cha sukari ni gramu 200 hivi, cha unga 120. Kila kitu na uzito wake.

Binti wa Columbus:
Nimerudi! Kikombe ni kile cha bati cha bluu, nimekulia nacho. Maji yalipita nusu ya chupa kidogo, yaani kama mililita 300. Mwenye duka kapima unga: gramu 180. Vinne ni 720!

Jana nikaweka 720 na kopo lile lile la tui, nusu yake kwanza, mengine kidogo kidogo. Donge likaachana na bakuli lenyewe. Sukari nimetia gramu 120, naona yatosha. Yamevimba, ndani wazi kabisa. Mama kaona picha, kauliza mbona madogo. Hamira nayo niipime kwa gramu?

Shangazi wa Leicester:
Hamira iache kwenye kijiko. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu moja moja haiaminiki kwa gramu 3. Itakwambia 2, kisha 4. Ukitumia pakiti, ile ya gramu 7 ni vijiko vya chai viwili na robo, usiimwage yote. Na sukuma manene kidogo.