Kuhama ghorofa ya 3: sofa la L na kabati vitoke vipi bila kuchubua ukuta?

Mpangaji_wa_Juu
Wakuu, habari. Jumamosi nahama, lifti hakuna. Kuna sofa la L, kabati la milango mitatu (urefu sm 240, kina sm 60) na friji. Kuta zimepigwa skimu (lipu laini ya juu), chini marumaru, dari ni jipsamu, na mwenye nyumba kashika amana yangu. Wabebaji ninao. Nimeshauriwa kumwaga maji ya sabuni ili kabati liteleze. Ni sawa?

Seremala_Mstaafu
Sabuni achana nayo mkuu, atakayeteleza ni mbebaji.

Hilo kabati usilitoe zima. Ukilivuta, miguu inapanuka, skrubu zinang'oa ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) na halikazi tena. Toa milango, rafu, kisha hadibodi ya nyuma. Skrubu za kila upande ziweke kwenye mfuko wake. Kosa la wengi liko kwenye kulisimamisha: kabati la sm 240 kwa 60, likiinuka kutoka sakafuni, kona yake inapita karibu sm 248. Dari likiwa chini ya hapo, jipsamu inatoboka. Huko unakohamia, liunge likiwa limesimama. Na pangaboi lizimwe!

Bawaba
Naongezea sofa. Mengi ya L ni vipande viwili vilivyonasana kwa vyuma chini: inua kimoja juu, vinaachana. Fungua miguu. Pima upenyo kati ya fremu na fremu, usipime ubao wa mlango. Mlango uliofunguliwa bado unakula kama sm 4, kwa hiyo ung'oe kwenye bawaba. Usisahau geti la chuma la nje, mara nyingi ndilo jembamba kuliko yote. Pasipopita, simamisha sofa wima, ingiza mgongo kwanza huku mnazungusha.

Kwenye ngazi, mwenye nguvu akae chini. Kinachoumia pale ni kona ya ukuta kwenye mapumziko ya ngazi. Kunja boksi liwe kama herufi L, funika kona kuanzia chini hadi kifuani, mtu mmoja alishikilie kwa mkono. Selotepu juu ya rangi ya maji hapana, ikibanduliwa inaondoka na rangi pamoja na skimu.

Mpangaji_wa_Juu
Shukrani. Na friji?

Seremala_Mstaafu
Zima usiku wa kuamkia, barafu iyeyuke, mwaga maji, funga milango kwa kamba. Magurudumu yake huenda mbele na nyuma tu. Ukilikatisha kona yanachora marumaru, kwa hiyo livute juu ya boksi lililokunjuliwa. Fagia kwanza, chembe ya mchanga chini ya boksi inakwaruza kama msumari. Kisha gonga marumaru kwa sarafu: inapolia tupu, chini hakuna saruji, ikibebeshwa uzito inapasuka. Hapo tandika plaiwudi ya mm 12.

Likilazwa garini, lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, oili irudi kwenye kompresa.