Gumzo la Nyumba ya Chumbageni: Jumamosi ya kuwaaga vijana

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Hamisi Columbus: Assalaam aleikum ukoo mzima. Leo msinitafute kabla ya jua la huku kuzama. Drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, inaingia siku ya tatu, raundi ya 4 mpaka ya 7, na Jack Sawyer wetu wa chuo cha Ohio State bado hajachukuliwa. Nimekaa mbele ya televisheni roho mkononi.

Shangazi Zaina: Waaleikum salaam baba. Ndiye yule uliyetutumia sauti unalia, sisi tunakunywa chai ya asubuhi?

Hamisi Columbus: Ndiye huyo huyo shangazi. Shikamoo. Mtoto wa Pickerington, hapa hapa jirani na Columbus.

Shangazi Zaina: Marahaba. Mungu amfanyie wepesi.

Baba Mkubwa Athumani: Hamisi, hebu nifafanulie. Mwezi wa kwanza mmechukua ubingwa wa vyuo wa nchi nzima. Mwezi wa nne kila siku unatuma majina ya walioondoka. Kwetu bingwa huongeza wachezaji, hapunguzi.

Hamisi Columbus: Shikamoo Baba Mkubwa. Mpira wa chuo haumkalishi mtu. Kijana ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Na ikishapita miaka mitatu tangu amalize sekondari anaruhusiwa kuingia drafti, hata kama bado ana msimu chuoni. Kwa hiyo kila mwaka kundi zima linafunga mizigo.

Hamisi Columbus: Mwaka huu tumeondokewa na nguzo. Alhamisi wameenda wanne raundi ya kwanza peke yake: Emeka Egbuka Tampa Bay, Donovan Jackson Minnesota, Tyleik Williams Detroit, Josh Simmons Kansas City. Jana Quinshon Judkins kaenda Cleveland, TreVeyon Henderson New England, JT Tuimoloau Indianapolis. Saba hao, na leo ndiyo kwanza inaanza.

Shemeji Kasongo (Detroit): Jambo bandugu. Tyleik tumempokea. Asiwe na wasiwasi, huku atatunzwa.

Hamisi Columbus: Asante shemeji. Ni mtu wa katikati ya ukuta, hatajwi sana kwenye taarifa, lakini alikuwa anafunga njia watu wawili wawili.

Mama Idi: Kaka Hamisi, mpwao toka asubuhi kavaa ile jezi nyekundu namba 33 ya Sawyer. Nilimnunulia ya mtumba mwaka juzi. Ile 3 ya pili imebanduka nusu, kila akikaa anaibana kwa kiganja isining'inie. Anauliza Sawyer akiondoka, jezi bado ni halali kuivaa?

Hamisi Columbus: Mwambie ni halali mpaka imbane.

Salma: Shikamooni wazee wangu. Mjomba, mwambie Idi achukue namba 4 ya Jeremiah Smith. Huyo NFL hawawezi kumgusa mpaka msimu wa 2026 upite.

Hamisi Columbus: Marahaba Salma. NFL hawawezi. Vyuo vingine je? Mimi wiki mbili hizi nilikuwa naamka usiku kuangalia simu. Dirisha la uhamisho lilifunguliwa tarehe 16 na limefungwa jana. Jana ndiyo nimelala.

Baba Mkubwa Athumani: Kumbe na wanafunzi wana dirisha la usajili?

Hamisi Columbus: Wanalo. Huku wanaita potali. Imeanza 2018. Mchezaji anaandikisha jina, basi chuo chochote kinaruhusiwa kuzungumza naye. Zamani akihama anakaa nje mwaka mzima bila kucheza. Kuanzia 2021 hata hilo liliondolewa kwa anayehama mara ya kwanza, na mwaka huo huo wakaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao. Na tofauti na kwenu, chuo kinachoondokewa hakipati ada ya uhamisho. Unalea, unafundisha, anaondoka, unabaki na picha.

Salma: Mjomba, hapo nakupinga kwa heshima. Mimi nilianza chuo cha jumuiya, nikahamia hapa mwaka wa pili. Hakuna aliyenizomea wala kuniita msaliti. Makocha wanaondoka kila siku. Jim Knowles amejenga ile ngome, tumechukua kombe, hata wiki mbili hazijaisha yuko Penn State. Chip Kelly kaenda kwa Raiders wa NFL. Sasa kijana wa miaka 19 ndiye afungwe kamba?

Hamisi Columbus: Sijasema afungwe.

Salma: Na sisi tumefaidika kuliko wengi. Will Howard alitoka Kansas State. Judkins alitoka Ole Miss. Caleb Downs na Seth McLaughlin walitoka Alabama. Julian Sayin naye alikuwa Alabama wiki chache tu, kocha Nick Saban alipostaafu akaja kwetu. Kule Alabama kuna mjomba wa mtu aliumia hivyo hivyo.

Hamisi Columbus: Hilo ni kweli tupu, silikatai. Ngoja niswali kwanza kabla hawajaanza, halafu nitaandika vizuri.

Shemeji Kasongo (Detroit): Wakati anaswali niseme langu. Mimi ni wa Michigan, mahasimu wenu, mnanijua. Salma anasema kweli, kipaji hakina mpaka. Nilipofika Detroit sikujua hata mpira huu una umbo gani. Kinyozi mmoja mzee alisikia natoka Congo akaniuliza, "Unamjua Biakabutuka?" Tshimanga Biakabutuka, mtoto wa Kinshasa, akakulia Longueuil kule Quebec. Michigan wakamfuata Canada. Novemba 1995 Ohio State walikuja Ann Arbor hawajapoteza mechi hata moja. Yeye akakimbia yadi 313 peke yake. 313! Tukashinda 31-23. Siku hiyo kwenye kile kiti cha kinyozi ndipo nilipopata timu.

Mama Idi: Shemeji, Idi anasema hiyo namba ameisikia darasani na hataki kuisikia tena.

Baba Mkubwa Athumani: Nami niseme. Mimi na Coastal Union yetu ya Tanga tangu kabla ya ubingwa wa 1988. Nimekaa Mkwakwani juani nikamwona Bakari Mwamnyeto akikua mpaka akatisha. 2020 Yanga wakamchukua, leo ni nahodha wao. Sopu wetu naye, ile fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2022, aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake. Wiki hazikupita akaenda Azam. Kwa hiyo Hamisi, Mgosi wa Kaya, mtu wa Coastal kama mimi, hafundishwi kuondokewa. Lakini sijawahi kumtukana kijana wa watu. Nikimwona Mwamnyeto kwenye televisheni nawaambia waliokaa karibu, huyu ni wa kwetu.

Hamisi Columbus: Nimerudi. Baba Mkubwa umenigusa. Sasa niseme linalonikaa moyoni, mnivumilie ni refu.

Hamisi Columbus: Hawa wanaoondoka leo wengi wao wangeondoka mwaka jana. Januari 2024 Egbuka, Henderson, Tuimoloau, Sawyer, Jackson, Denzel Burke, Tyleik, wote walikuwa na haki ya kuingia drafti. Fedha zilikuwa mezani. Na walikuwa hawajawahi kuifunga ile timu ya kaskazini, Kasongo unisamehe. Wakarudi, mmoja baada ya mwingine. Nakumbuka nilikuwa nasimamisha gari pembeni ya barabara kusoma kila tangazo. Watu wanahesabu usajili kwa walioletwa: Howard, Downs, Judkins, na yule mtoto Smith kutoka Florida. Mimi nasema usajili mkubwa wa mwaka ule ulikuwa kumbakisha aliyekuwepo. Hao wageni walikuta nyumba ina wenyewe.

Hamisi Columbus: Halafu Novemba 30 wakafungwa tena na Michigan, 13-10, hapa hapa nyumbani, uwanja wa watu zaidi ya laki moja. Wapinzani wakaja kusimika bendera yao katikati ya uwanja, na Sawyer ndiye aliyeinyakua akaichomoa kwenye mti wake. Watu wa mji huu waliwatukana vijana wale wiki nzima. Niliyasikia kazini, niliyasikia dukani. Walirudi kwa ajili yetu, tukawatukana. Hilo ndilo linaloniuma, Salma, si potali.

Salma: Hapo tuko pamoja mjomba.

Hamisi Columbus: Na ndipo kwenye mtoano wa ubingwa wakawafunga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, halafu ikaja Texas, Januari 10. Wale wa Texas mrushaji wao, yaani anayeongoza mashambulizi kwa kurusha mpira, Quinn Ewers, alianzia kwetu. Aliwahi kumaliza sekondari mwaka mmoja kabla, akaja Columbus Agosti 2021, Desemba akahama. Miezi ile michache aliyokaa, alikuwa analala chumba kimoja na nani? Jack Sawyer.

Mama Idi: Hili hukuwahi kutuambia!

Hamisi Columbus: Sasa angalia Mungu anavyopanga. Tunaongoza 21-14, zimebaki dakika mbili na kitu. Texas wamebakiza yadi 1 kufika mstari wa kufunga, na wana majaribio manne. Yadi moja Baba Mkubwa, hatua ya mtu mzima. Jaribio la kwanza wamezuiwa. La pili wakatupa mpira pembeni, wakarudishwa nyuma yadi 7. La tatu halikufika. La nne Ewers anarudi nyuma atafute mtu, Sawyer anatoka ubavuni, anampiga, mpira unamtoka, anauokota mwenyewe anakimbia nao. Yadi 83! Mtu mzito vile, anakimbia utadhani ukuta umeota miguu, wenzake wanakimbia kando wanamfungulia njia. Mmoja alihama, mmoja alibaki, wakakutana pale. Simlaumu Ewers, alikwenda akacheza, amefika mbali. Lakini aliyebaki mji huu utamtaja mpaka wajukuu.

Shangazi Zaina: Ndipo ukatupigia ile sauti.

Hamisi Columbus: Ndipo hapo shangazi. Siku kumi baadaye Atlanta, Notre Dame 34-23, kombe.

Salma: Na sasa je? Wanaokuja?

Hamisi Columbus: Tavien St. Clair, mrushaji, mtoto wa Bellefontaine, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa. Bo Jackson mkimbiaji kutoka Cleveland. Devin Sanchez beki kutoka Houston. Kwa potali tumemleta Max Klare wa Purdue, CJ Donaldson wa West Virginia, na watu wa kuziba ukuta, Ethan Onianwa na Phillip Daniels. Ngome amepewa Matt Patricia. Ila nafasi ya Howard ya urushaji haijapata mtu, Sayin na Lincoln Kienholz na huyo St. Clair wanagombea. Na mechi ya kwanza, tarehe 30 Agosti, ni hao hao Texas.

Salma: Kwangu wasiwasi ni ile kesi kule California. Jaji Claudia Wilken akiidhinisha, vyuo vitalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20 na nusu kwa mwaka. Hilo ni haki yao. Lakini kikosi kitawekewa kikomo cha watu 105, na wale wanaocheza bila ufadhili, wanaoamka alfajiri na kujilipia ada wenyewe, ndio watakaokatwa.

Hamisi Columbus: Hao ndio wa kutetewa sasa. Hawana potali ya kuwapokea.

Hamisi Columbus: SUBIRINI

Hamisi Columbus: PITTSBURGH! Raundi ya 4, nafasi ya 123, Jack Sawyer! Lathan Ransom kaenda Carolina nafasi moja tu kabla yake!

Mama Idi: Idi anazunguka meza anapiga kelele. Allah Akbar. Pittsburgh ni mbali?

Hamisi Columbus: Saa tatu kwa gari. Tutakwenda naye inshallah.

Shemeji Kasongo (Detroit): Hongera shemeji. Nasema kutoka moyoni. Tulimchukia kwa sababu alikuwa mzuri.

Baba Mkubwa Athumani: Haya, na sisi huku tunampa baraka. Nakwenda kulala, mtaniambia wengine asubuhi.

Salma: Mjomba uko macho? Will Howard raundi ya 6, nafasi ya 185. Pittsburgh vilevile!

Hamisi Columbus: Nimeona binti yangu. Mrusha mpira na mtu wa ngome wameenda nyumba moja. Jumla ni 14 mwaka huu, sawa na ile rekodi ya chuo ya 2004.

Salma: Na Ewers kachukuliwa. Miami, raundi ya 7, karibu na mwisho kabisa.

Hamisi Columbus: Raundi ya 7. Kijana alisubiri siku tatu nzima. Mungu amfungulie. Alilala chumba kimoja na wetu, naye kidogo ni wetu.

Mama Idi: Idi kalala na jezi. Nimemvua polepole, nimekaa nayo hapa nashona ile 3. Nina uzi mweupe lakini kitambaa kinateleza.

Shangazi Zaina: Nimeamka alfajiri nakuta habari nzuri, alhamdulillahi. Rehema, usitie cherehani, kitakunja. Kwanza kipige pini pembe zote, halafu shona kwa mkono, ukianzia katikati.