Kazi ya reli Voi, kibarua cha bandari au boti ya baba: kipi afadhali?

BintiMkomani, Lamu
Salaam wenzangu. Mdogo wangu ana miaka 23 na cheti cha ufundi mitambo. Ameitwa kazi na kampuni kubwa ya reli, kikosi cha matengenezo ya njia, kituo chake Voi, mkataba wa mwaka mmoja. Hapa nyumbani ana mawili: kibarua bandarini Kililana meli zikija, au boti ya baba ya kuvusha abiria hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Baba auliza mtoto wa kisiwani atafanya nini na vyuma vya bara. Mama kanyamaza, na mama akinyamaza ndiyo kesi kubwa. Wenye kuijua reli, semeni kulivyo.

Mzee wa Maweni, Malindi
Mwanangu, reli nimeila miaka mingi, kampuni sitaitaja. Kwanza, reli si kazi moja. Dereva, gadi, karani wa tiketi, fundi wa karakana, mtu wa ishara, mtu wa njia, kila mmoja ana maisha yake. Mdogo wako anaitwa njiani, na hiyo ndiyo kazi ya jua.

Alfajiri mnatembea mkikagua taruma kwa taruma, yale mapande yanayolaliwa na reli, na kila kibano cha kuishikilia reli mnakitazama kama kimeshika. Reli hizi za sasa zimechomelewa zikawa chuma kimoja kirefu, hazina ile mianya ya zamani iliyokuwa ikilia tuku-tuku. Joto la nyika ya Taru likipanda, chuma kinataka kurefuka na hakina pa kwenda, kinaweza kupinda. Ndiyo maana kokoto lazima zijae ubavuni mwa mataruma na zishindiliwe. Mashine zipo, lakini koleo halijastaafu. Wala hufanyi kazi kwa wakati utakao: mnapewa nafasi kati ya treni mbili, na nafasi ikiisha njia iwe imeshakazwa sawasawa. Treni ya abiria yaja kwa kilomita 120 kwa saa, na ile ya mizigo hata kwa 80 haisimami hapohapo ukiipungia mkono.

Nilichopenda ni mshahara kuwa na tarehe. Nilichochukia ni kuitwa. Mvua ikinyesha usiku na maji yakaanza kula tuta la reli, gari liko mlangoni, na Idd nimewahi kuisali kando ya reli.

Kuli wa Kililana
Mimi niko bandarini. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, sasa ni matatu, lakini gati si meli. Ikija tunakesha, isipokuja tunacheza bao. Kibarua hana likizo wala ugonjwa: hukufika, hukulipwa. Na ile reli ya kutoka hapa kwenda Isiolo iliyokuwa kwenye mipango viongozi wa nchi tatu walipokuja kuzindua mradi wa bandari hii 2012, sijaona taruma hata moja. Anayetaka reli aifuate iliko. Ningeitwa mimi, begi lingekuwa Mokowe saa hii.

MamaTwaha
Dada, mume wangu ni dereva wa treni, kwa hivyo nasema ninachokiona nyumbani. Zamu haijui Ijumaa. Akiingia nyumbani saa nne asubuhi, huo ndio usiku wake, na watoto wote wapelekwe kwa bibi. Kule ndani ya kichwa cha treni kuna kifaa anachotakiwa kukigusa kila baada ya muda mfupi kuonyesha kwamba yuko macho. Asipokigusa kinapiga kelele, akizidi kunyamaza treni inajifunga breki yenyewe. Wallahi nimemwona amelala fofofo, kidole kinabonyeza godoro.

Lakini kiwanja tumekipata kwa hati ya mshahara. Mwenye boti anaweza kupata pesa nyingi kuliko mume wangu siku ya maulidi, ila akienda kuomba mkopo anaulizwa karatasi, naye ana noti zilizolowa tu. Someni mkataba: bima inaanza siku ya kwanza au baada ya majaribio? Akiumia njiani nani analipa?

Chonjo wa Langoni
Na mirungi aiache huku. Mtu wa njia hutakiwa awe amelala saa tatu, si ndiyo kwanza aanze stori saa tatu.

Nahodha wa Shela
Wote mwamsukuma kijana bara kama kwamba boti ni ulemavu. Mwaka mmoja ni nini? Ukiisha wasipomwongeza, atarudi akute babake kashampa mtu mwingine boti. Kweli kusi likivuma abiria hupungua na mafuta hayapungui bei. Lakini huyo ni fundi mitambo, injini yake hatalipa mtu kuitengeneza! Akasome unahodha Mombasa, chuo cha Bandari, apate cheti. Hapo atakuwa na karatasi pia, MamaTwaha.

BintiMkomani
Ahsanteni. Bima ni baada ya miezi mitatu, hilo silipendi. Nyumba wanatoa, ya kukaa watu wanne, chakula atajinunulia mwenyewe. Mapumziko siku nne kwa mwezi, anaweza kuzichukua pamoja. Zatosha kuja Lamu?

Mzee wa Maweni, Malindi
Piga hesabu. Treni itokayo Nairobi asubuhi na kusimama Voi hufika Miritini, kituo cha Mombasa, mchana, na mabasi ya Lamu huwa yashaondoka. Atalala Mombasa, au aje alale kwangu Malindi, kisha Garsen, Witu, Mokowe, boti. Kurudi vilevile. Nyumbani hata siku moja kamili haifiki. Aombe siku za miezi miwili zikusanywe, na aombe kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, maana msimamizi wa leo si wa kesho. Bima ya hiyo miezi mitatu baba amlipie. Na mwambie akipewa buti zisizo saizi yake azirudishe siku hiyohiyo. Kokoto zile huzijui wewe.