Kisu cha milimita 0.6 mnakipimaje HRC? Mzigo wangu umekataliwa kwa namba ya kwenye jedwali

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha.

Nina karakana Nyakato, hapa Mwanza. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilinipa oda ya visu 60 vya mashine ya kuchuna ngozi: stenlesi ya 420, unene milimita 0.6, ugumu HRC 50 hadi 52 (HRC ni kipimo cha Rockwell C: koni ya almasi inakandamizwa kwenye chuma, inaangaliwa imezama kiasi gani). Nikavichoma nyuzi 1,030, nikavizima kwenye mafuta, nikavirudisha kwenye tanuri kwa nyuzi 200 visije vikakatika kama kioo. Wakataka karatasi ya vipimo. Haki yao.

Maabara ya kwanza ikaandika HRC 41. Nikapanda basi nikaone wamepimaje. Jamani! Walibebanisha visu viwili eti vipate unene, wakavikandamiza kwa kilo 150. Visu vikibebanishwa vinabonyea pale vinapokutana, koni ya almasi inazama zaidi, namba inashuka. Nikageuza kile cha juu nikapitisha ukucha mgongoni: kinundu kinakwaruza. Kisu kikishatoa kinundu upande wa pili, kilichopimwa si kisu tena, ni kisu pamoja na kilichoko chini yake.

Na hesabu yake fundi yeyote anaiweza. Kwenye HRC unaanzia 100, kila pointi inayopungua ni mikroni 2 za kina. Chuma cha 51 kinazama mikroni 98, tuseme milimita 0.1. Unene unatakiwa usipungue mara kumi ya kina hicho, yaani milimita 1. Mimi nina 0.6!

Maabara ya pili walitumia 30N, yaani Rockwell ya mzigo mdogo, kilo 30 tu, na kwa unene huu walikuwa sahihi. Kisha wakafungua jedwali kwenye simu, wakaibadili namba ya 30N kuwa HRC, wakaandika HRC 48.6. Namba waliyoisoma kwenye mashine haimo popote kwenye karatasi, wala neno kwamba hii imebadilishwa. Kiwanda kikaona 48.6, kikarudisha visu vyote 60.

Majedwali ya viwango vya kubadili kipimo kimoja cha ugumu kwenda kingine, ASTM E140 na ISO 18265, yenyewe yanasema kubadili ni kukadiria, tena kila kundi la chuma lina jedwali lake. La stenlesi ya 304, ambayo hata uichome vipi haishiki ugumu, huwezi kulileta kwa 420. Sasa hiyo nukta sita wameitoa wapi? Mtu anapoteza kazi ya wiki tatu kwa pointi moja na kitu, wakati jedwali lenyewe linaweza kupishana kiasi hicho.

Mwishowe fundi mmoja mwenye mashine ya Vickers (inakandamiza piramidi ndogo ya almasi, unapima ulalo wa alama yake, namba inaitwa HV) akanipimia kwa kilo 5: HV 528. Ulalo wa alama milimita 0.13, kina kama 0.02, mgongo wa kisu hauna kinundu kabisa. Kwenye jedwali, 528 inakaa karibu na HRC 51.

Nyie wa maabara, andikeni mlichosoma na mzigo mliotumia, ya makadirio ikae pembeni na iitwe makadirio. Na nyie wanunuzi, bapa jembamba namna hii liagizeni kwa HV.

Kesho asubuhi narudi kiwandani na kisu kimoja na karatasi ya 528. Aliyewahi kumweleza meneja manunuzi jambo hili akaelewa, anipe maneno usiku huu.