Ndoo kavu mlangoni, jiki kwenye chupa ya soda: usafi huu wa Mombasa tunamdanganya nani?

Wanajamvi, asalaam aleikum. Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha.

Kafyu ya kuzuia korona ilianza tarehe 27 Machi 2020. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Mombasa ikafungwa, haingii mtu wala hatoki. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukawekwa ndani ya vizuizi. Watu waliyabeba yote hayo, na Ramadhani juu yake. Halafu mtu anashika kikapu aende dukani akanunue unga, mafuta na tambi za futari, na mlangoni anakuta ndoo. Bango la kunawa mikono lipo, ndoo ipo, mfereji upo. Maji hakuna. Bawabu anamwambia, "Pita tu, mama." Pita tu!

Enyi wenye maduka, pigeni hesabu. Mteja akinawa sawasawa kwa sabuni anatumia kama nusu lita. Ndoo ya lita 20 basi inatosha watu 40. Duka lenye shughuli linawapata watu 40 kabla ya saa nne asubuhi. Ukiijaza mara moja asubuhi ukasahau, umewaosha wa mwanzo na waliobaki wote wanaingia wakishika nyanya, wakiziminya na kuzirudisha. Maji yetu ni ya kununua, hilo kila mtu analijua, mfereji wa nyumba unaweza kukauka siku nyingi na mtungi ukaja kwa mkokoteni. Lakini duka linaloweza kuwasha friji mbili za soda mchana kutwa haliwezi kushindwa na mitungi minne.

Na huo mfereji wa kuzungusha! Mkono mchafu ndio unaoufungua, na mkono uliooshwa ndio unaoufunga. Uchafu unarudi pale pale. Funga mfereji wa mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko, au kama pesa hakuna, tengeneza kibuyu chirizi, kazi ya robo saa. Chukua mtungi wa lita 5, toboa kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Uning'inize mtungi kwenye ufito uliolazwa kwa kupitisha ufito huo ndani ya mkono wa mtungi, funga kamba shingoni, na ncha ya chini uifunge kwenye kijiti cha kukanyaga. Mguu unakanyaga, mtungi unainama, maji yanachirizika, hakuna kilichoguswa isipokuwa sabuni. Tundu lisiwe kubwa kuliko msumari wa kawaida, maana likipanuka mtungi unaisha upesi. Chini weka karai. Maji yakimwagika kwenye sakafu ya vigae mlangoni, wazee wanateleza na kuvunjika nyonga.

Sabuni nayo ina mambo yake, na hapa Mombasa wengi wanakosea jambo moja. Ndoo nyingi zinajazwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya chumvi. Sabuni ya mche kwenye maji ya chumvi haitoi povu, inaganda utandu mweupe tu mikononi. Pasipo povu sabuni haijafanya kazi yake sawasawa, na ni sabuni inayoyeyusha lile ganda la mafuta la kirusi. Maji pekee hayaliwezi. Kwa maji ya kisima weka sabuni ya maji, na usiizimue. Kuna maduka yanaongeza maji kwenye chupa ileile ya sabuni Jumatatu hadi Jumapili, ikifika Alhamisi ni maji yenye rangi ya kijani. Kwa maji matamu sabuni ya mche inafaa kabisa: ikate vipande, itie kwenye wavu wa vitunguu, itundike. Hailoweki kwenye kisahani na haiibiwi.

Sasa jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hapa ndipo damu inapochemka.

Kwenye chupa nyingi za dukani lebo inasema dawa yenyewe ni asilimia 3.5. Kwa kufutia meza, vitasa, swichi na kaunta tunataka asilimia 0.1, yaani vijiko viwili vikubwa, mililita 30, kwa lita moja ya maji baridi. Ukijaza ndoo ya lita 20 unahitaji mililita 600, zaidi ya nusu lita ya jiki. Watu wanafanya nini? Wanatia kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima! Kifuniko cha mililita 10 kwenye lita 20 ni asilimia 0.00175. Hiyo haiui kitu, inatoa harufu tu, na harufu ndiyo inayowatuliza. Basi usijaze ndoo. Tengeneza lita moja, inatosha nyumba ya vyumba viwili. Kwanza osha kwa sabuni, kwa sababu jiki ikikutana na mafuta ya kupikia na vumbi nguvu yake inaishia hapo, kisha pangusa kwa jiki na uache pakae majimaji dakika moja kamili. Anayepangusa na kukausha papo hapo amepoteza jiki yake. Maji yasiwe ya moto, na mchanganyiko wa leo usiuweke hadi kesho.

Halafu kuna wanaouza jiki ya kupima ndani ya chupa za soda, nusu lita, bila lebo, zimepangwa juani kando ya barabara tangu asubuhi. Jua na joto vinaila klorini, kwa hiyo hujui unanunua asilimia ngapi. Hilo ni dogo. Chupa ya soda ikifika nyumbani inawekwa chini ya meza, na mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa hiyo kuwa ni ya kunywa. Muuzaji, unauza sumu kwenye chombo cha kinywaji! Mnunuzi, ukifika nyumbani hamishia kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, kiandike kwa wino usiofutika, na kiweke juu. Mtoto akinywa asitapishwe, asuuzwe kinywa na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Na msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala dawa ya vioo yenye amonia. Vyoo vyetu vingi vina kidirisha cha kiganja kimoja. Mama fua anaambiwa, "Mwaga zote mbili, tunataka korona ife," na dakika mbili baadaye anakohoa na macho yanachuruzika, kwa sababu ile asidi imetoa gesi ya klorini. Yeye ndiye anayeinama juu ya shimo, aliyetoa amri yuko sebuleni. Mpeni glavu za mpira, mfungulieni mlango, na mpeni dawa moja tu kwa siku.

Kwenye nguo mmezidi. Nguo ya kutoka soko la Kongowea haihitaji jiki. Sabuni ya unga, maji, na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa inatosha. Angalieni leso zilizolowekwa jiki: pindo limepauka, ua la katikati limekuwa madoa ya manjano, jina, yale maandishi yake, limeliwa, herufi tatu zinasomeka na nne hazipo. Leso ya mtu imeharibiwa bure. Na lastiki ya barakoa ndiyo ya kwanza kufa, ikishalegea barakoa inateremka chini ya pua na mvaaji anashinda akiipandisha kwa vidole. Barakoa ya kitambaa, tabaka tatu, inafuliwa kila siku kwa sabuni na kuchemshwa dakika moja. Ifanyiwe hivyo hata kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, kwa sababu wachuuzi wanawaachia wateja wazijaribu usoni kisha wazirudishe kwenye kamba! Watu wanne wameipumulia, wa tano anainunua. Mchuuzi, weka kioo na umruhusu mteja aishike mbele ya uso bila kuigusisha. Au zifunge moja moja.

Mboga: maji safi yanayotiririka na kusugua kwa mkono, basi. Mchicha unanyonya sabuni, na sabuni ya unga tumboni inaharisha. Matango na maembe yasuguliwe kabla ya kukatwa, si baada.

Kuhusu vibanda vya kumrashia mtu dawa mwili mzima kabla hajapita: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tarehe 15 Mei 2020 likisema watu wasirashiwe kwa hali yoyote. Dawa inaunguza macho na kuchokoza mapafu, na haigusi kirusi kilicho ndani ya koo. Pesa ya kibanda kimoja ingejaza ndoo ngapi?

Muda wa kufunga maduka nao ulituua. Kafyu wakati huo ilikuwa saa moja jioni, na Magharibi inaingia saa kumi na mbili na dakika chache. Duka lilipofunga saa tisa ili wafanyakazi wawahi, mtaa mzima ulibanana pale saa nane. Matatu ya watu 14 ilibeba 8, kwa hiyo foleni ya kituoni ilikuwa ndefu na nauli ilipanda, na aliyetoka Changamwe au Likoni hakuwa na nafasi ya kurudi mara ya pili kufuata kitunguu alichosahau. Wenye maduka, mlipaswa kufungua saa kumi na mbili asubuhi na kuwatengea wazee saa ya kwanza. Asubuhi kuna nafasi na kuna kivuli.

Jambo la mwisho ni pesa. Tangu katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo kutuma M-Pesa hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure. Kutoa ndiko kulikolipiwa. Basi mwenye duka aliyemwongezea mteja "ya kutolea" kwa unga wa shilingi 120 alikosea, kwa sababu pesa hiyo angeweza kumlipa nayo msambazaji wake bila kuitoa.

NYONGEZA: Kuna aliyeniandikia inboksi kuhusu kipimajoto kile cha bastola, kwamba dukani kwao kinasoma 34 kwa kila mtu. Kinapimiwa juu ya mkono wa shati, au kwenye paji lenye jasho, na jasho linapoza ngozi. Aliyetembea juani kinamwonyesha 38 akiwa mzima. Mwacheni mtu akae kivulini dakika tano, ajifute jasho, kisha kipimeni sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye paji, kwenye ngozi tupu. Na msikiache juu ya kaunta penye jua. Kikishapata joto kinasoma uongo hadi kipoe.