VHDL: laini iko 'H' lakini if sda = '1' haiingii, hizi herufi 9 za nini?

chipu_mbichi:
Wakuu habari za jioni, nimekwama toka jana. Naandika I2C (chipu kuongea kwa waya mbili, sda ndo wa data) kwa VHDL, lugha ya kuelezea saketi, kwenye testbenchi (kodi ya kujaribia) nikaweka sda <= 'H' iwe kama ile resista ya kuvuta laini juu, sasa kwenye simuleta naiona kabisa laini iko juu lakini if sda = '1' haiingii hata kwa dawa, kodi inasubiri tu. Hivi 0 na 1 hazikutosha? U, X, Z, W, L, H na kile kistari, utitiri wote huu wa nini?

fundi_waya:
Pole mkuu, hapo tumepita wengi. 'H' na '1' ni herufi mbili tofauti na alama ya = inalinganisha herufi, haijui mambo ya volti. '1' ni chipu inasukuma kwa nguvu, 'H' ni juu ila kinyonge, resista tu inavuta. Ndo maana sensa ya upande wa pili ikiweka '0' inaishinda 'H' unapata '0', ungekuwa umeweka '1' pale wangegongana ukapata 'X', yaani haijulikani. Kwa hiyo 'H' usiitoe, andika if to_x01(sda) = '1', H inageuzwa 1 na L inakuwa 0. Na ukiachia laini andika 'Z', kubwa, 'z' ndogo inagoma.

Halafu U imewekwa ya kwanza kwenye IEEE 1164 (kiwango chenye hizi herufi 9) makusudi, VHDL huanzia na thamani ya kushoto kabisa, ukiona U kila mahali ujue reseti umesahau.

verilog_damu:
Ndo maana sisi wa Verilog tuna nne tu, 0 1 x z, nguvu imekaa pembeni. Naandika pullup(sda) na laini inasoma 1, maisha yanaendelea 😂

fundi_waya:
@verilog_damu sawa ila kwenye wimbi kwa rangi tu utajuaje nani anasukuma na nani anavuta? Mi herufi naipenda. Kistari, yaani 'yoyote sawa', ndo kimenitesa, if a = "1--" haikubali kamwe mpaka utumie std_match.

chipu_mbichi:
to_x01 imekubali, asante sana kaka! Ila sasa kwenye ACK (biti ya sensa kujibu imepokea) napata 'X'

fundi_waya:
Kloki ya 9, ya hiyo ACK, umeachia laini?

chipu_mbichi:
Aisee. Biti ya kusoma iliyo kabla yake ni '1' na nimeendelea kuisukuma hiyohiyo. Naweka 'Z' sasa hivi